Kambare wa Kabla ya Mvua

Nilifika Mafia nikiwa bado bibi harusi, miezi minne tu baada ya ndoa. Mume wangu alikuwa amepangiwa kufundisha shule ya msingi huko Kirongwe. Mimi nilikuwa nimesomea kazi za maabara, lakini Kirongwe haikuwa na maabara, kwa hiyo karibu mwaka mzima nilikaa nyumbani nikijifunza kukuna nazi. Sisi ni watu wa Njombe. Mikono yangu ilijua viazi, haikujua mbuzi ya nazi, na majirani walinicheka bila ubaya.

Ilikuwa miaka ile hifadhi ya bahari imeanza. Kila mgeni aliyeshuka Kilindoni na mabegi yake alikuwa amekuja kwa ajili ya matumbawe, kasa au papa potwe. Samaki wa maji baridi hawakuwa na mwenyewe. Watu wengi wa bara hawajui hata kwamba kisiwa kile kina maziwa, na viboko ndani yake. Ndipo akatokea mtaalamu mmoja wa samaki, mtu wa makamo, mpole, aliyetaka kujua kambare na perege wa maziwa yale wanakua vipi. Alihitaji mtu wa kukaa hapahapa. Mume wangu akanitaja, na wiki iliyofuata nikawa na kazi.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mara chache kwa mwaka nilikwenda ziwani kwa baiskeli, nikachukua samaki waliovuliwa siku ile, nikawapima urefu na uzito, nikakata kipande kidogo cha mnofu mgongoni. Kile kipande nilikikausha, nikakitia kwenye kichupa cha kioo, nikaandika tarehe na urefu wa samaki kwa kalamu ya risasi. Kichupa kimoja, samaki mmoja. Mtaalamu aliniambia nisivitupe kamwe hata yeye akiondoka, kwa kuwa hakuna anayejua mtu wa kesho atataka kupima nini. Basi nikavipanga kwenye kabati la vyombo, rafu ya juu, mume wangu akalalamika kwamba vikombe vimekosa pa kukaa.

Aliyenipa samaki alikuwa mwanamke wa palepale, mjane, wakati ule ana miaka hamsini na kitu. Wanaume wa kwao walivua baharini, yeye alivua ziwani kwa migono, ile mitego mirefu ya fito anayoingia samaki asijue pa kutokea. Aliifuma mwenyewe. Aliingia majini mpaka kiunoni, khanga ameikaza, akaigeuza mmoja mmoja, na mara zote alitazama kwanza upande ambao viboko hupenda kulala. Nilimwita bi mkubwa. Yeye aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza, nilipomwamkia shikamoo naye akaitika marahaba huku akinitazama miguu, akasema viatu vile vitanizamisha.

Kipande nilichokata kilikuwa kidogo kama kidole gumba. Samaki aliyebaki alikuwa wangu. Hivyo ndivyo nilivyoanza kula kambare, mimi niliyekulia mahali ambapo samaki alifika akiwa mkavu na mwenye vumbi la barabara. Bi mkubwa alinifundisha kumsugua kwa majivu atoke utelezi, kumpika kwa nazi na mbilimbi, na kutokoroga mchuzi baada ya tui zito. Nilipopata mimba sikutaka kingine chochote. Wali ulinichefua, ugali ulinichefua, mchuzi wa kambare ulikaa tumboni. Alipojua, hakungoja tena siku zangu za kazi. Kila alipopata samaki mzuri alimtuma mtu amlete, au akaja mwenyewe kwa miguu, amemfunga kwenye jani la mgomba. Alikaa kidogo barazani, akanisimulia mimba zake, akaondoka kabla ya adhuhuri.

Mtoto wetu wa kike alizaliwa Kilindoni baada ya uchungu mrefu. Hakulia mara moja. Alipolia, sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya kitu kilicho mbali.

Miezi michache baadaye zikaja mvua zile kubwa ambazo watu bado wanazikumbuka. Ziwa lilifurika, likameza mashamba ya mpunga, likaingia vichakani, na maji yakakaa huko kwa muda mrefu mpaka miti ikafa imesimama. Bi mkubwa alisema hajaona ziwa kuwa bahari tangu azaliwe. Maji yaliposhuka kidogo kambare walikuwa wengi ajabu, wanene, na mimi nikaendelea kukata, kukausha na kuandika.

Mwanangu alichelewa kukaa. Alichelewa kushika. Wenzake waliozaliwa mwezi ule walipokuwa wakikimbiza kuku, yeye bado nilikuwa nikimwegemeza kwenye mito ya kitandani. Tulimpeleka Dar es Salaam, na daktari, baada ya kumpima na kumpima tena, akatuambia ni mtindio wa ubongo. Niliuliza sababu. Akasema sababu ni nyingi, na mara nyingi haijulikani ni ipi. Aliuliza habari za uzazi, nikamjibu kwa ufupi.

Mtoto alikuwa na miaka miwili na nusu barua ilipokuja. Mtaalamu wangu alikuwa amepeleka baadhi ya vipande vya karibuni, vya baada ya mvua, vikapimwe zebaki. Ile zebaki ya kwenye kipimajoto, niliyoijua tangu masomoni, inayokimbia mezani kama ushanga wa fedha. Barua ilieleza kwamba zebaki huja na hewa na mvua kutoka mbali, hukaa kwenye tope, huingia kwa wadudu wadogo, kwa samaki wadogo, kisha kwa samaki wanaowala wenzao. Samaki huyo akiwa mkubwa na mzee, inazidi. Perege wetu walikuwa salama. Kambare wakubwa walikuwa na kiasi ambacho mama mjamzito hashauriwi kula mara kwa mara, kwa sababu hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Niliisoma sentensi ile nimesimama jikoni. Sikuisoma tena ile iliyosema ni vipande vya lini. Nilimwachia jirani mwanangu, nikapanda baiskeli.

Bi mkubwa alikuwa amekaa kivulini anashona mgono uliotoboka. Sikumwamkia. Nilimwambia kwamba samaki aliokuwa akiniletea wana sumu, na sumu ile ndiyo iliyomharibu mwanangu. Nilisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Hakunibishia. Aliweka mgono chini taratibu. Aliuliza sumu hiyo imetoka wapi, nikasema inatoka mbinguni na mvua, akatazama juu kana kwamba angeiona. Kisha akauliza kama wote wanayo. Nikamjibu kwamba wadogo hawana, wanayo wale wakubwa.

"Mimi nilikuwa nakuchagulia wakubwa," akasema.

Alilisema neno hilo mara moja tu. Nimeishi nalo miaka yote hii. Mimi nikageuza baiskeli nikarudi nyumbani, na njiani nilijisikia mwepesi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwa mara ya kwanza tangu Dar es Salaam nilipumua mpaka chini ya mbavu.

Jioni ile mume wangu aliisoma barua yote, polepole, kama anavyosahihisha madaftari. Akaniuliza kama kambare niliokula mimi walipimwa. Nikasema kambare ni kambare. Akasema, "Umemwambia yule mama kitu usichokijua." Tulikaa siku nyingi bila kuzungumza vizuri.

Bi mkubwa hakuja tena barazani. Nilipokwenda ziwani kwa kazi yangu nilikuta migono yake imetupwa kwenye nyasi, yote, ile mizima na ile mibovu, inaoza. Wakaniambia amehama, amemfuata mwanawe wa kiume Bweni, kule ncha ya kaskazini. Kwa nini? Hawakujua. Walisema alikuwa amekonda, na kwamba kabla ya kuondoka alizunguka nyumba za wanawake wenye mimba akiwasihi wasile kambare. Walidhani amepatwa na kitu kichwani. Mimi nilijua amepatwa na nini, na sikusema.

Samaki nikaanza kuwachukua kwa wavuvi wengine. Mtoto wa pili akazaliwa, mzima, akaenda shule. Dada yake alijifunza kutembea akiwa na miaka sita, anaburuta mguu wa kushoto. Maneno hakuyapata, isipokuwa matatu manne tunayoyaelewa sisi wa nyumbani. Ana kicheko kizuri. Anapenda kukaa mlangoni mvua inaponyesha, akanyoosha mkono nje.

Bweni si mbali. Barabara ni mbaya, lakini watu wanakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Nilijiambia nitakwenda ukiisha msimu wa mvua, nitakwenda mtoto akipata nafuu, nitakwenda shule zikifungwa. Ukweli ni kwamba sikutaka kumwona. Mradi alikuwepo kule na kosa lake, mimi niliweza kufanya kazi zangu.

Mwanangu mkubwa alikuwa amefikisha miaka kumi na mmoja alipokuja mtaalamu mwingine, mwanamke kijana, mkali wa macho, mwenye kuvaa kofia hata ndani ya nyumba. Alitaka kujua zebaki ya samaki wa maziwa imekwendaje kwa miaka mingi, imepanda au imeshuka, na popote alipouliza aliambiwa kwamba hakuna aliyetunza kitu. Nilimfungulia kabati. Akachukua kichupa kimoja cha mwanzo kabisa, akasoma mwandiko wangu, akaniuliza kama najua nina nini mle. Nikasema nina samaki.

Alivichukua vyote. Baada ya miezi kadhaa alirudi na karatasi yenye mchoro, akaitandaza juu ya meza yangu ya kulia chakula. Alinieleza vizuri, kwa subira. Amewalinganisha kambare wa urefu mmoja, mwaka kwa mwaka, ili mkubwa asichanganywe na mdogo. Mstari ulianza chini. Ulikaa chini miaka yote ya mwanzo, hata kwa samaki wakubwa. Kisha zikaja mvua, ziwa likalala juu ya mashamba na vichaka, majani yakaoza majini, na tope likaigeuza zebaki iliyokuwemo kuwa ile aina inayoingia mwilini. Hapo mstari ukaruka. Ukashuka kidogo miaka iliyofuata, halafu ukaanza kupanda tena, kidogo kidogo, mpaka mwaka ule tuliokuwa tumekaa mezani. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomtia wasiwasi. Alisema huenda inatokana na moshi na migodi ya nchi za mbali na za karibu, lakini hakuwa na hakika.

Mimi nilikuwa natazama mwanzo wa mstari. Nikaweka kidole pale, nikamuuliza, mwanamke aliyekula kambare mwaka huu, akiwa mjamzito, tena mara nyingi, ingekuwaje? Akatazama namba zake. Akasema asingekuwa na la kuogopa. Samaki wa mwaka ule walikuwa safi kama perege. Akaniuliza kwa nini. Nikasema nauliza tu.

Wiki ile ile nikaenda Bweni, na mwanangu nikamchukua. Tulipata lifti kwenye gari dogo la mizigo lililobeba mabati, na njia nzima nilimshika kichwa kisigonge. Nyumba tulioneshwa kirahisi. Bi mkubwa alikuwa uani, anasuka ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Amezeeka kuliko nilivyotarajia, jicho moja limefanya ukungu. Nilimwamkia. Akaitika marahaba, akaniambia karibu, akauliza habari za mwalimu na za Kirongwe, kama mtu tuliyeachana juzi. Kisha akamwona mtoto nyuma yangu, mkono wake ukasimama juu ya ukili.

Nilimweleza yote. Habari za vichupa, mtaalamu mwenye kofia, mstari uliokaa chini, mvua. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani na niliyasema kwa haraka. Nikamwambia samaki wake hawakuwa na kosa. Yeye hakuwa na kosa. Nilikosea mimi, na nimekuja kumwomba radhi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akarudia kuuliza kama nina hakika, nikasema ninayo. Nilingoja afurahi, au alie, au anifukuze.

"Na kama si samaki," akaniuliza, "ni nini basi?"

Huko nyuma nimeandika uchungu mrefu. Sikuandika kwa nini ulikuwa mrefu. Uchungu ulinianza asubuhi na mapema, mume wangu akiwa Kilindoni kwenye mkutano wa walimu. Jirani yangu, mkunga wa zamani, alinishika tumbo akaniambia nisingoje, gari la asubuhi lipo, niondoke nalo. Siku ile nilikuwa na vipande kumi na kitu vya samaki kwenye kisanduku cha bati cha kukaushia, chenye taa ya chemli chini yake, na ile taa ilitaka mtu wa kuiangalia utambi usije ukaunguza kila kitu. Nilimwambia jirani kwamba uzazi wa kwanza huchukua muda, kwamba nimesoma. Gari la asubuhi likaondoka. Nikakaa na kisanduku changu mpaka alasiri, nikiinuka na kuinama, nikavitia vipande vyote kwenye vichupa, nikaandika. Gari lililofuata liliharibika njiani. Tulipofika Kilindoni jua lilikuwa limekwisha kuzama, na mimi nilikuwa siwezi kusimama.

Daktari wa Dar es Salaam alipouliza habari za uzazi, nilisema ulikuwa wa kawaida, mrefu kidogo. Mume wangu naye alijua hivyo. Bi mkubwa ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia, pale uani Bweni, miaka kumi na mmoja baadaye. Sijui kama ndiyo sababu. Daktari alisema sababu ni nyingi. Lakini ndiyo ninayoijua.

Alikaa akiutazama ukili wake. "Kwa hiyo lako ulinitwika mimi," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Miaka yote hiyo, mwanangu. Kirongwe na Bweni ni kisiwa kimoja."

Hakuinua sauti. Nilikuwa natazama mchanga. Baadaye akanieleza, kwa utulivu, kwamba tangu siku ile hajawahi kusali alfajiri bila kumwombea mtoto huyu, kwa jina lake, kabla hata ya wajukuu zake. Alikuwa akimwomba Mungu amsamehe yeye na amfungue mtoto ulimi. Nikamwambia sasa anaweza kuacha. Akanitazama kwa lile jicho zima kana kwamba nimesema jambo la kipumbavu, akasema hawezi kuacha sasa, amekwisha kuwa wake.

Akamwita mtoto akae karibu. Mwanangu haendi kwa watu asiowajua. Siku ile alisita, halafu akaenda akiburuta mguu, akajitupa kwenye mkeka, akaanza kuuvuta ukili kutoka upande wa pili. Bi mkubwa akamwachia. Wakakaa hivyo muda mrefu, mmoja anasuka, mwingine anafumua, na bi mkubwa hakumkemea. Kilichoniliza ni hicho, si yale maneno.

Sikusamehewa kwa kauli. Tulipoaga alinipa nazi sita na kusema nimsalimie mwalimu. Nilirudi mara tatu nyingine, kila mara na mtoto. Mara ya nne nilipokuwa najiandaa kwenda, nikaambiwa amefariki siku mbili zilizopita na alizikwa siku ileile. Nilikwenda hata hivyo, nikakaa na wanawake wa msiba, wakanipa kahawa, na mkwewe akaniuliza kama mimi ndiye mama wa yule mtoto. Nilipofika nyumbani ndipo nilipomweleza mume wangu habari ya kisanduku na taa. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi mpaka chakula kikapoa. Hajawahi kuniambia neno juu yake, la kunilaumu wala la kunifariji.

Mtaalamu mwenye kofia alipata fedha za miaka michache, kisha hazikupatikana tena, na kazi ikaisha. Kabla ya kuondoka alikwenda kwenye kliniki za akina mama kuwaeleza, na mimi nilifuatana naye nikitafsiri maneno yake yaingie masikioni. Perege kuleni, dagaa wa baharini kuleni, kambare mkubwa muacheni mpaka mjifungue. Wengine walisikia. Wengine walisema ni yaleyale ya bi mkubwa wa migono, yule aliyeingiwa na wazimu akahamia Bweni. Nilisimama nikawaambia hakuwa na wazimu, kwamba alisema kweli, ila aliisema miaka mingi kabla yetu. Hawakunielewa, nami sikuweza kuwaeleza zaidi pale, mbele ya watu.

Sasa hakuna anayepima. Sijui mstari umefika wapi. Mwezi uliopita nilikwenda ziwani, bila kazi yoyote, nikamkuta msichana mwenye mimba ya miezi sita au saba anaosha kambare mnene kuliko mkono wangu. Nilimwambia ninayoyajua. Alinisikiliza kwa heshima, akaniitikia ndiyo mama, ndiyo mama, akamaliza kumsugua samaki wake kwa majivu, akamtia kwenye beseni na kujitwisha.